Mahudhurio Bila Saa

Kuiachia intaneti kazi ya kutunza saa kwenye mashine ya mahudhurio ni kosa, na kosa hilo limejaa kwenye miongozo ya kufunga kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kisoma kadi cha RC522. Nyaya za SPI ziko sawa, volti ni 3.3 kama inavyotakiwa, hifadhidata imepangika. Hapo sina neno. Lakini tangu Pi ya kwanza ya 2012 hadi Pi 4, bodi hizi hazina saa yenye betri. Programu ya fake-hwclock huhifadhi muda mara moja kila saa, na bodi ikizimika ghafla kisha ikawaka, huanzia pale ilipohifadhi mwisho. Tuseme imefungwa kwenye shamba la mkonge Korogwe. Muda umehifadhiwa saa 5:17 usiku, umeme ukakatika saa 5:50, ukarudi saa 12:30 asubuhi, mtandao haujashika. Mkata mkonge anagusisha kadi saa 1:00 kamili. Mashine inamwandikia saa 5:47 usiku, tarehe ya jana! Leo anahesabiwa mtoro, na mwisho wa mwezi atakayebishana na karani wa mishahara ni yeye, si fundi aliyefunga.

Watasema modemu ikishika mtandao saa itajirekebisha. Itajirekebisha, ila mstari uliokwisha kuandikwa unabaki na tarehe yake mbovu, na kijijini Handeni bando likiisha hakuna cha kurekebisha. Watasema iwekwe betri ya akiba. Nayo huisha umeme ukikawia. Dawa ni moduli ya saa ya DS3231 yenye betri ya kidonge: hufungwa kwa waya nne kwenye pini za I2C, ambazo RC522 ikiwa kwenye SPI haizigusi, na katika joto la nyuzi 0 hadi 40 hupotea kama dakika moja tu kwa mwaka. Sonara Willard Bundy wa Auburn, New York, alipobuni mashine yake ya mahudhurio mwaka 1888, saa ndiyo ilikuwa moyo wake. Hata kipande cha mashamba ya mkonge enzi za mkoloni, pamoja na ukandamizaji wake wote, kilikuwa kadi ya siku 30 ambayo manamba aliweza kuiona kwa macho yake.

Pi 5 ya 2023 imewekewa saa ndani, lakini betri yake hununuliwa kando. Isipokuwepo, programu ikatae kadi mpaka saa ithibitishwe, na karani aandike majina kwenye daftari.