Celsys walikosea kwenye kishikwambi, na bado wanakosea

Tuanze na Agosti 2022, maana ndipo kosa lilipoonekana na kila mtu. Celsys wa Tokyo, wenye Clip Studio Paint, walitangaza kwamba toleo la 2.0 likitoka mwaka unaofuata, aliyewahi kununua programu yao mara moja kwa ajili ya kompyuta hatapata tena vipengele vipya bure: ama anunue toleo jipya, ama alipie pasi ya masasisho mwaka hadi mwaka. Wachoraji waliwaka, kampuni ikalazimika kurudi na maelezo ya ziada, na Machi 2023 toleo likatoka. Lakini kelele zile zote zilikuwa za watu wa kompyuta. Mchoraji wa kishikwambi hakuwa na cha kunyang'anywa, kwa sababu tangu Clip Studio iingie kwenye iPad Novemba 2017, na kwenye Android mwishoni mwa 2020, hajawahi kuuziwa. Amekodishiwa tu, kwa mwezi au kwa mwaka. Huo ndio uamuzi ninaouita mbovu, na anayechagua programu ya kuchorea leo aupime huo kabla hajahesabu brashi.

Ubovu wenyewe uko hapa. Programu ni ileile, ya kampuni ileile, na faili la .clip ulilolianza kwenye Windows unalimalizia kwenye iPad. Mwenye kompyuta anaweza kununua toleo lake, akakataa pasi, akachora nalo miaka mitano bila kumtolea Celsys senti nyingine. Mwenye kishikwambi hana mlango huo. Kwa hiyo hoja kwamba chombo hiki hakiwezi kuuzwa moja kwa moja inavunjwa na Celsys wenyewe, kwenye duka lao wenyewe. Kisha tazama kinachokodishwa ni nini. Kwenye tabaka la vekta, Clip Studio ina kifutio kinachokata mstari hadi pale unapokutana na mwenzake: nywele zikipita juu ya kola ya shati, unagusa mara moja na ncha iliyozidi inatoweka, mstari wa chini ukibaki mzima. Mkono uliozoea hilo kwa miezi sita hubadilika. Huanza kuchora mistari inayovuka mipaka kwa makusudi, kwa kuwa kufuta ni rahisi. Siku ya kuhama, faili linatoka kama PSD na mistari ile ya vekta inageuka pikseli. Hapo mpangaji anagundua kwamba kuondoka kuna gharama kubwa kuliko kodi yenyewe, na kodi ikipandishwa hana la kusema. Mbaya zaidi, kushughulikia kurasa nyingi kama kitabu kimoja kumewekwa kwenye daraja la EX, lile la bei kubwa. Yaani mchora katuni ndefu, mteja ambaye chombo hiki kilibuniwa kwa ajili yake, ndiye anayekamuliwa zaidi.

Kwa kazi ya katuni, rula za mtazamo, fremu na viputo vya maneno vya Clip Studio havina mpinzani kwenye kishikwambi. Hilo nalikubali, tuendelee.

Watetezi wa kodi ya mwezi wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba watengenezaji nao wanakula, na masasisho hayaandikwi kwa hewa. Ni kweli. Lakini Savage wa Hobart, Tasmania, wanauza Procreate tangu 2011 kwa malipo ya mara moja, na kwa bei ya Marekani haijafika hata dola 13. Waliolipa mwanzo walipata toleo la 4 na la 5 bila kuongezewa deni. Utasema Savage wana aina moja ya mashine ya kuhudumia ilhali Celsys wanahangaika na mifumo kadhaa. Sawa, basi Celsys wauze kwa bei ya juu zaidi. Hakuna aliyeomba sadaka. Hoja ya pili husema kiasi cha mwezi ni kidogo. Kidogo kwa nani, na kinalipwaje? Malipo haya hukatwa yenyewe mwezi hadi mwezi. Mchoraji wa Mwanza au Kisumu analipwa kazi ikikubaliwa, mara nyingi kwa simu, na kati ya kazi moja na nyingine miezi inapita. M-Pesa GlobalPay ya Safaricom, iliyoanza 2022, imemrahisishia Mkenya kulipa nje kwa kadi ya mtandaoni, lakini haiwezi kumhakikishia mchoraji kwamba mwezi ujao atakuwa na salio. Aliyenunua mara moja kwenye mwezi wenye neema anaendelea kuchora kwenye mwezi wa ukame. Aliyekodi anasimama.

Safu hii imelisema jambo hili tangu Adobe walipotangaza Mei 2013 kwamba wanaufunga mlango wa kununua, na sitachoka kulisema. Adobe hao hao waliiachia programu yao ya kuchorea, Fresco, bure Oktoba 2024, jambo jema, ila lisitusahaulishe walioanzisha mtindo. Zamani haikuwa hivyo: Mark Zimmer na Tom Hedges walipotoa programu ya kuchorea ya Painter mwaka 1991, waliiuza ndani ya kopo la chuma la rangi. Ulilipa, ukabeba kopo lako, hesabu ikafungwa. Mchora katuni Edward Gitau alimchora mhusika wake Juha Kalulu kwenye gazeti la Taifa Leo kwa miongo mingi, na hakuna muuza wino aliyewahi kumdai kodi ya kalamu. Celsys wenyewe, miezi mitatu tu baada ya tangazo lile la 2022, walitangaza kuweka kizalisha picha cha akili unde, wakaufuta mpango huo siku chache baadaye wateja walipokataa. Kampuni inayopiga hatua namna hiyo si ya kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha kazi.

Procreate nayo si malaika. Haipo kabisa nje ya vifaa vya Apple, na hapa kwetu vishikwambi vingi ni vya Android. Idadi ya matabaka inabanwa na kumbukumbu ya mashine: turubai ya A3 kwa dpi 300 ni pikseli 3508 kwa 4961, kila pikseli baiti nne, kwa hiyo tabaka moja ni takriban megabaiti 70 na matabaka thelathini yanavuka gigabaiti 2. Anayenunua iPad ya zamani alijue hilo. Na anayechorea kiwanda cha uchapaji achague CMYK wakati wa kufungua turubai, kwani aliyeanza na RGB hawezi kubadili katikati ya kazi.

Basi mwenye iPad anunue Procreate. Mwenye Android aanze na Krita, ambayo ni bure na ipo kwenye vishikwambi vya Android tangu 2020, au ibisPaint kama mashine yake ni ndogo. Clip Studio ya kishikwambi namwachia mchora katuni mwenye mkataba mkononi unaolipa kodi hiyo hadi ukurasa wa mwisho, naye ahifadhi nakala ya PSD ya kila ukurasa kabla mwezi haujaisha. Celsys wakianza kuuza leseni ya mara moja kwenye kishikwambi, kama wanavyofanya kwenye Windows na Mac, nitaipendekeza kwa kila mchora katuni siku hiyo hiyo.