Jukwaa la Haçienda Lilivyowaumiza The Smiths

Jukwaa la Haçienda, ukumbi wa lebo ya Factory uliofunguliwa Manchester tarehe 21 Mei 1982, liliwekwa ubavuni, kwenye ukuta mrefu, mahali ambapo fundi mitambo yeyote angepakataa. Hasara ya uamuzi huo inasikika wazi katika onyesho la bendi ya The Smiths la tarehe 4 Februari 1983, walipoifungulia pazia bendi ya 52nd Street. Video yake ipo, na wimbo wake mmoja uliingia kwenye santuri.

Jengo hilo la Whitworth Street West lilikuwa zamani duka la mashua: refu, lenye paa la juu, kuta za matofali na nguzo za chuma. Katika jengo la umbo hilo bendi hukaa mwishoni ili sauti ifuate urefu na kupungua nguvu kabla ya kufika ukuta wa nyuma. Jukwaa likiwa ubavuni, sauti hupita njia fupi, hugonga ukuta wa pili ingali kali, kisha humrudia mwimbaji kwa kuchelewa kidogo, na kumvuruga kuliko mwangwi wa mbali. Walio mbele husikia kila pigo la ngoma mara mbili. Walio kushoto na kulia, ambako ndiko kwenye nafasi, wako nje ya mdomo wa spika. Huambulia besi iliyovimba na maneno yasiyoshikika. Kisha zipo nguzo, ambazo mbunifu Ben Kelly alizipaka milia ya njano na nyeusi. Milia hiyo imesifiwa kupita kiasi, na nguzo zenyewe ziliwaziba watu macho.

Factory haikukosa mtu wa kuuliza. Mtayarishaji Martin Hannett, aliyeipa bendi ya Joy Division sauti ya albamu ya Unknown Pleasures mwaka 1979, alitaka fedha zinunue mitambo ya studio badala ya kujenga klabu, na mwaka 1982 aliwashtaki washirika wenzake. Sikio la kufa halisikii dawa. Kesi hiyo husimuliwa kama ugomvi wa fedha tu, ilhali hapo ndipo lebo ilipompoteza mtu wake mwenye sikio kuliko wote. Wala mfano wa jukwaa lililokaa vizuri haukuwa mbali: hata Lesser Free Trade Hall ya Manchester, walikopiga Sex Pistols tarehe 4 Juni 1976, ulikuwa ukumbi mdogo usio na makuu, ila viti vyake vilitazama jukwaa lililokaa mahali pake.

The Smiths wenyewe walipiga vizuri: Andy Rourke kwenye besi na Mike Joyce kwenye ngoma hawakuyumba. Aliyeumia zaidi ni Johnny Marr, kwa kuwa gitaa lake hudonoa nyuzi mojamoja, na mwangwi wa karibu huzirundika noti hizo. Handsome Devil, wimbo wa usiku huo uliotolewa Mei 1983 upande wa pili wa santuri ya Hand in Glove, ulinusurika kwa sababu ni wimbo wa kasi usioacha pengo. Maua aliyoyaleta jukwaani mwimbaji Morrissey yalipunguza ubaridi wa ukumbi, lakini kwa macho tu.

Baadaye kibanda cha DJ, kilichokuwa kimefichwa kando ya jukwaa, kilihamishiwa roshani. Muziki wa house ukaufaa ukumbi huo, maana mchezaji hahitaji kutazama upande mmoja. Haçienda ilifungwa mwaka 1997, jengo likabomolewa mwaka 2002, na pahali pake pakajengwa nyumba za kuishi zenye jina lilelile.