Mkono wa Mwoshaji

Ukifika mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, Rwamagasa au Nyarugusu, mkoani Geita, usikimbilie kutafuta dhahabu kwa macho. Tazama kwanza maji yanavyomwagwa. Jiwe limeshapondwa kwa nyundo na kusagwa kwenye karasha hadi likawa unga, na sasa unga huo unateremka na maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia. Maji yakizidi, dhahabu husombwa. Yakipungua, tope hugandamana. Ubao ukiinama kupita kiasi, jasho la watu wengi huishia kwenye marudio, yaani mabaki ya tope lililokwisha kuoshwa, na atakayenunua marudio hayo atashukuru kimyakimya. Mwoshaji hana kifaa cha kupimia pembe. Hutazama rangi ya maji na kasi ya tope, kisha husogeza jiwe dogo chini ya ubao.

Somo la maada la sekondari liko hapa lote. Dhahabu ni elementi, mwamba ni mchanganyiko, na mchanganyiko hutenganishwa kwa tabia za kifizikia bila kitu chochote kugeuka kuwa kingine. Lita 1 ya dhahabu ina kilo 19.3, lita 1 ya kwatzi, lile jiwe jeupe linaloibeba, ina kilo 2.65 tu. Ndiyo maana nzito hunasa kwenye nyuzi za gunia na nyepesi huenda zake.

Magunia yakishakung'utwa, huja beseni, na hapo ndipo mafundi huachana na wababaishaji. Mkono huzungusha, hutikisa, huinamisha. Kila mzunguko hutoa mchanga kidogo ukingoni, mpaka unabaki mchanga mweusi wenye chuma, mzito pia, ambao sumaku huweza kuupunguza. Chembe nyembamba mno za dhahabu huelea, kwa kuwa uso wa maji huzishikilia. Tone la sabuni huzizamisha. Kuna pia jiwe la manjano linalong'aa na kudanganya wageni. Hilo ni kampaundi ya chuma na salfa. Lipige nyundo: litapasuka. Dhahabu hubonyea.

Baadaye huletwa zebaki, metali iliyo kimiminika, nayo hunasa chembe zilizobaki na kushikamana nazo kuwa donge. Donge hilo likichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka kama mvuke. Dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, hubaki. Mvuke huo huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka matumizi hayo yapunguzwe. Kwangu mimi, mwoshaji hodari ni yule ambaye beseni lake limebakiza kazi ndogo kabisa kwa zebaki.

Walimu wa kemia wa Geita na Shinyanga wasiokuwa na maabara, mwiteni mwoshaji mmoja darasani. Aje na beseni, mchanga, maji na sumaku. Zebaki aiache nje ya shule.