Kadi na maua ya karatasi: tujitazame

Maua ya karatasi yenye kupambwa tunayapenda kwenye ndoa. Kadi za maganda ya mgomba, yenye kukatwa na kubandikwa kwa kole, tunatumiana Noeli. Mikono ya vijana wetu ni hodari, siwezi kukana. Lakini tuangalie picha: mama anabeba mtungi juu ya kichwa! Huku Masereka mama anabeba kitunga mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Na maua ni roza tu, wakati mashamba yetu yanajaa maua ya viazi, meupe na ya zambarau. Mtoto mwenye kuiga tu hajifunzi kuona. Basi walimu wenzangu, tuwaambie: kwanza mutazame mama akirudi shambani, kisha mushike makasi.