Kiingereza cha Kalamu na Kiingereza cha Kinywa katika Skuli za Unguja

Aliyepata kukaa Forodhani jioni, wauzaji wa pweza na mishikaki wawashapo taa zao, hana budi amekwisha kuona jambo hili. Kijana mmoja, wa wale tuwaitao papasi, ambaye huenda hakumaliza hata madarasa ya chini, asema na wageni kwa Kiingereza, kisha ageuka na kusema na wengine kwa Kiitaliano, nao wacheka pamoja naye. Hatua chache kutoka hapo amesimama mwanafunzi wa kidato cha nne, daftari mkononi. Mgeni amwuliza njia ya kwenda Mkunazini; yeye atabasamu, anyosha kidole, wala neno halimtoki.

Watu wa mjini wakiona hayo husema, "Skuli za siku hizi hazisomeshi kitu." Nasi twaona hukumu hiyo si ya haki. Mwanafunzi huyo tumpe karatasi, ataandika barua ya kuomba kazi iliyo sawa tangu anwani hata sahihi, na sentensi ya kutenda ataigeuza kuwa ya kutendwa bila ya kosa. Amesomeshwa, na alichosomeshwa amekishika. Ila alichosomeshwa ni Kiingereza cha kalamu.

Sababu moja yajulikana na kila mwalimu. Kwa miaka mingi mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne umekuwa ni wa kuandika, na darasa hufuata mtihani kama mkia ufuatavyo ng'ombe. Vitabu vya kusomeshea vina sura za mazungumzo, kweli: mazungumzo ya dukani, ya kwa daktari, ya katika simu. Lakini tazama yasomwavyo. Katika darasa moja nililokaribishwa, wanafunzi zaidi ya hamsini waliyasoma mazungumzo ya mnunuzi na mwenye duka kwa sauti moja, kama wasomao mashairi ya kukariri. Mnunuzi walikuwa ni wao wote, na mwenye duka ni wao wote. Hapakuwa na aliyeuliza bei kwa kutaka kuijua.

Ipo sababu ya pili, nayo ndiyo niliyotaka kuisema, kwa kuwa sijaiona ikitajwa ipasavyo. Unguja ni nchi ya watu wanaojivunia ulimi wao. Kiunguja ndicho kilichowekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikishughulikia kwa miaka mingi. Mtoto wa hapa hulelewa katika kusahihishwa: akikosa neno mbele ya bibi yake hurudishwa, na anayesema kwa kukwama hupewa jina la utani ambalo pengine hatalivua hata uzeeni. Huo ndio ulezi uliotupa ufasaha, wala siulaumu. Lakini kijana aliyelelewa hivyo, ukimtia katika lugha asiyoijua vema, huona afadhali anyamaze kuliko kusema ovyo. Papasi amekwisha kuitupa haya hiyo, maana tumbo halimngoji. Mwanafunzi angali nayo, na darasa lamwongezea, kwani akikosea mara moja wenziwe wacheka, na mwalimu amkata katikati ya sentensi.

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hesabu na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Wako waliosema kuwa kwa njia hiyo watoto wataizoea lugha. Mabishano ya lugha ya kusomeshea ni marefu, siyaingii hapa. Naona neno moja tu. Mtoto aliyeletewa Kiingereza kwa mlango huo alijua kutaja pembetatu kabla ya kujua kusema, "Maalim, hapo sikuelewa." Na asiyeweza kusema hivyo, hiyo pembetatu nayo hataijua.

Sasa tutazame adabu ya maneno, ambayo katika vitabu vingi haipewi hata ukurasa. Kwetu, adabu ya kuomba imo ndani ya kitendo chenyewe: "nipe" si sawa na "unipe", wala "unipe" si sawa na "naomba". Mwingereza huivika amri yake nguo ya swali, akamwuliza mtu kama aweza kutenda, ilhali ajua kwamba aweza. Nilimsikia mwalimu mgeni akimwuliza mwanafunzi kwa Kiingereza kama aweza kufungua dirisha. Kijana akasimama kwa heshima, akajibu kuwa aweza, akaketi. Darasa halikuona kosa, na kwa sarufi halikuwapo.

Vivyo hivyo neno "pole". Mgeni ajikwaa katika ngazi za nyumba ya mawe, kijana wetu amwambia "sorry", na mgeni ashangaa akisema, "Hukunisukuma wewe." Kijana alimpa pole, mgeni alisikia kuombwa radhi. Na mtumishi wa hoteli anayeondoka kwa kusema "I am coming", kama sisi tusemavyo "nakuja", humwacha mgeni akimtazama mgongo asijue la kufikiri. Mambo haya ni madogo, lakini ndiyo mawasiliano yenyewe, na mtoto wa Unguja atayahitaji kabla ya barua ya kuomba kazi.

Zamani palikuwa na mtu aliyelikabili jambo hili kwa upande wa pili. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 zilitoka kazi zake mbili: kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa hapa. Hakutosheka na sarufi. Alikaa akasikiliza wasemao.

Njia hiyo nimeiona ikitumiwa katika skuli moja ya shamba. Mwalimu huwapa wanafunzi wake nusu saa mwisho wa juma, na mmoja hutoka mbele akasimulia kwa Kiingereza jambo alijualo yeye. Huanza kwa "Paukwa", nao huitikia "Pakawa", ndipo lugha igeuke. Hakatwi hata amalize. Kisha mwalimu huandika ubaoni makosa mawili tu. Siku niliyokuwapo alitoka msichana aliyezoea kwenda na mama yake kwenye mwani huko Paje, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989. Alieleza vijiti, kamba, na jinsi maji yanavyotoka. Wenziwe wa bara ya kisiwa, wasioujua mwani, walimwuliza maswali kumi na moja, nami niliyahesabu. Alipolikosa neno la bamvu hakunyamaza. Alisema ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari iendapo mbali kabisa. Mwalimu naye hakulijua neno hilo, akakiri mbele yao, wakafungua kamusi kulitafuta.