Neno "Mionzi" Katika Uchunguzi wa Wanawake

Istilahi hupimwa kwa mambo mawili: usahihi wake kwa mtaalamu, na uwazi wake kwa mtu anayehudumiwa. Kwa kipimo hicho, neno "mionzi", kama linavyotumika hospitalini, lina kasoro isiyofaa kunyamaziwa.

Daktari anayechunguza maradhi ya wanawake kwa picha huitwa mara nyingi "daktari wa mionzi". Zamani jina hilo lilistahili, kwani fani yake ilizaliwa na eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Lakini mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha za tumbo zilizopatikana kwa utrasaundi, na leo wajawazito huchunguzwa zaidi kwa njia hiyo. Utrasaundi si mionzi hata kidogo. Ni mawimbi ya sauti yenye mamilioni ya mitetemo kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukoma karibu na mitetemo 20,000.

Madhara ya mchanganyiko huu hayaishii katika kamusi. Mama mjamzito wa Mwananyamala au Temeke akielekezwa "chumba cha mionzi", aweza kukiogopa kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kifanywe mara moja kabla ya wiki ya 24 ya mimba. Mwenzake mwenye uvimbe wa titi, akipelekwa kwa "daktari wa mionzi", aweza kudhani kwamba safari ya Ocean Road kutibiwa saratani imekwisha kuanza, kumbe bado anachunguzwa.

Wako wanaokimbilia neno "picha". Neno hilo ni jepesi, ila huficha hatari iliyopo kweli: mwanamke aliyeambiwa "kapige picha" huenda asione sababu ya kutaja kwamba ana mimba, na pengine picha yenyewe ni eksirei ya tumbo.

Twashauri hivi. "Mionzi" libakie kwa eksirei na kwa tiba ya saratani. "Utrasaundi", lililokwisha kuzoeleka, lisimame peke yake, na lielezwe kuwa ni picha ya mawimbi ya sauti. Mamografia iitwe "eksirei ya matiti", maana ndivyo ilivyo. Naye daktari aitwe "daktari wa radiolojia". Ni kweli kwamba asili ya neno hilo la kigeni ni mionzi vilevile. Lakini asili hiyo haisikiki katika Kiswahili, wala haimtishi mgonjwa.

Wanaotafsiri fomu na vibao vya hospitali ndio wanaoombwa kwanza wayapime haya.