Sanamu ya Askari na Ahadi ya Jina

Niliiona Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam kwa mara ya kwanza mwaka 1974, nikiwa mwalimu kijana niliyeshuka kwenye treni kutoka Mpanda. Reli yetu ni tawi tu, lililofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na msafiri hana budi kupitia Kaliua na Tabora kabla ya kuiona bahari. Nilifika mjini nimechoka, nguo zimejaa vumbi, na rafiki yangu akanipeleka moja kwa moja kwenye barabara ambayo leo inaitwa Samora ili nione kile ambacho kila mgeni huonyeshwa.

Nilisimama pale muda mrefu. Sanamu hiyo ya shaba nyeusi ilizinduliwa mwaka 1927, na iliyeichonga ni mkono wa Mwingereza James Alexander Stevenson. Askari ameinama kidogo kwenda mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea upande wa bandari. Ukiitazama kwa haki utakiri kwamba ni kazi njema. Aidha, mahali hapo zamani ilisimama sanamu ya Mjerumani, Gavana Hermann von Wissmann. Waingereza walipoiondoa hawakuweka jenerali wao, walimweka Mwafrika, peke yake, juu, bila mzungu wa kumwamuru. Jambo hilo si dogo, na sitalipunguza thamani katika haya nitakayoyasema.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia bibi yangu, mama wa baba. Nilimwambia kwamba mjini kuna sanamu ya watu wa vita vya Mjerumani, wale waliokufa. Bibi aliacha kupepeta mchele akanitazama.

"Amebeba nini huyo mtu?" akauliza.

"Amebeba bunduki, bibi."

"Basi si yeye," akasema, akaendelea na ungo wake.

Nimekaa na jibu hilo kwa miaka hamsini, na makala hii ni jaribio langu la kulieleza.

Bibi alikuwa Mkonongo wa upande wa Inyonga. Mwaka 1916 Wabelgiji walivuka Ziwa Tanganyika, wakaingia Kigoma na Karema, na tarehe 19 Septemba Tabora ikaangukia mikononi mwao. Katika msimu ule kaka mkubwa wa bibi alichukuliwa shambani, akafungwa kamba pamoja na vijana wengine, akatwishwa mzigo. Hakurudi. Nilipomwuliza bibi kama waliomchukua ni Wajerumani waliokuwa wakikimbia au Wabelgiji waliokuwa wakiwafukuza, alinijibu kwamba kamba ni kamba. Baba yao aliendelea kumwachia chakula jioni kwa misimu miwili, kisha akaacha. Hapakuwa na matanga, kwa kuwa hapakuwa na maiti wala mtu wa kuleta habari.

Sasa turudi kwenye sanamu, maana chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Maandishi hayo yanawataja askari Waafrika, yanawataja pia wapagazi, na kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi: vile vinavyotembea na vile vinavyoshika. Halafu yanatoa ahadi. Yanamwambia mwanamume kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Kosa la kwanza la maandishi haya liko katika ule mfano wa viungo. Ni mfano mzuri, na ndiyo sababu unapita bila kuulizwa. Lakini mguu hauna jina, na mkono hauna mama. Mtu akishaitwa kiungo cha mwili wa mwingine, mauti yake hayahesabiwi kama mauti, yanahesabiwa kama jeraha la yule mwenye mwili. Na mchongaji alifuata mantiki hiyohiyo: wapagazi wako kwenye maandishi, hawako kwenye shaba. Nairobi, ambako sanamu ni za watu watatu, mpagazi alipata nafasi ya kusimama. Dar es Salaam hakupata, ingawa wanahistoria wengi wanakisia kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee walikaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kibao kinachoahidi kwamba majina yatakumbukwa hakina jina hata moja. Nimekizunguka mara nyingi, kila nilipokwenda mjini kwa shughuli za shule. Utasoma habari za mfalme, utasoma habari za nchi, utasoma miaka ya vita. Mtu humwoni. Ahadi imeandikwa, na kazi ya kuitimiza wameachiwa watoto ambao wengi wao hawakujua baba alifia mto gani.

Mtu anaweza kusema kwamba Waingereza wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuandika majina ya askari wa kawaida. Sivyo. Vita vile ndivyo vilivyowafundisha desturi hiyo, nao waliunda tume maalumu ya makaburi ili kila askari wao, mkubwa kwa mdogo, awe na jina lake kwenye jiwe. Mwandishi wa maneno yale ya Dar es Salaam, Rudyard Kipling, alikuwa mmoja wa watu wa tume hiyo. Tena alikuwa na msiba wake. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, aliuawa Loos, Ufaransa, mwezi Septemba 1915, akiwa na miaka 18, na baba alikufa mwaka 1936 bila kulijua kaburi. Nilipolisoma hilo nilishtuka. Mtu huyo alijua vema kukaa jioni ukimngoja asiyerudi. Alimjua baba wa bibi yangu bila kumjua. Naye ndiye aliyewaandikia wetu kibao kisicho na majina. Simhukumu kuwa hakuwa na huruma. Nasema huruma yake ilifika mahali ikakoma, na ilipokoma ndipo sisi tulipoanzia.

Mwezi Aprili 2021 tume hiyohiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa taarifa na kuomba radhi. Ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Imechukua zaidi ya miaka mia moja kusema alichokisema bibi kwa maneno matatu.

Yafaa tulinganishe sanamu yetu na jiwe jingine, dogo sana. Mtoto mmoja wa Dar es Salaam, Mahjub bin Adam Mohamed, alizaliwa mwaka 1904, babaye akiwa askari wa Wajerumani, naye mwenyewe akaingizwa katika jeshi hilo angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na babaye hawakulipwa. Akakataliwa. Akabaki huko, akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu wa mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaonekana katika filamu. Alioa Mjerumani mwaka 1933. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Watoto wake walifariki wakiwa wadogo. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikuja kuwalipa askari wazee waliobaki huku kwetu mwaka 1964, miaka 35 baada ya yeye kubisha mlango.

Mwaka 2007 palitiwa kijiwe cha shaba ya njano, hakizidi kiganja cha mkono, kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba aliyokaa Berlin. Kina jina lake na miaka yake. Hakuna singe, hakuna ahadi. Anayetaka kukisoma hana budi kuinamisha kichwa. Kwa ufundi, kijiwe hicho hakiwezi kushindanishwa na kazi ya Stevenson. Kwa ukweli, kimeishinda. Tena tazama jinsi kinavyoikanusha ahadi ya Kipling: mtu huyu hakuacha mwana wa kumkumbuka, bali wageni waliketi wakatafuta karatasi mpaka wakampata. Jina halijiwekei lenyewe, linawekwa na mwenye kujishughulisha.

Je, wapagazi hawana kumbukumbu yoyote Dar es Salaam? Wanayo, na ni kubwa kuliko sanamu. Soko la Kariakoo lina jina la kambi ya wapagazi wa Waingereza, ambalo wenyeji walilitamka kwa ulimi wao. Kila siku maelfu ya watu hulitamka jina hilo, na vijana hupita wamebeba magunia mabegani. Ni wachache wanaojua wanamtaja nani.

Hapa lazima nijikosoe na mimi, maana mkosoaji asiyejigusa ni mwenye kunyooshea wengine kidole. Nilifundisha vita hivyo miaka mingi katika shule za Mpanda. Nilifundisha habari za Sarajevo, nikafundisha mbinu za von Lettow-Vorbeck, na jinsi alivyosalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, mwendo mfupi tu kutoka Ufipa. Wanafunzi wangu walikuwa Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na Wafipa, watoto wa nyumba ambazo vita vilipita mlangoni. Sikumwambia hata mmoja aende akamwulize babu yake nani hakurudi. Daftari moja la mistari lingetosha. Wazee wale sasa wamekwisha, na daftari halipo. Ninachowalaumu wachongaji nimekifanya darasani, tena bila shaba.

Bibi naye alikuwa na njia yake. Nilipozaliwa alimwomba baba yangu amwachie mtoto huyu ampe jina. Akanipa la kaka yake. Utotoni sikulipenda, maana wenzangu walilicheka, nikatanguliza la ubatizo. Msomaji akitaka kulijua, afunge kitabu hiki atazame jalada. Jina la pili pale juu ni la mtu aliyebeba mzigo.